Chapa Chini ya Unyayo

Jumatatu saa nne asubuhi, dada mtu alikuwa amepiga magoti karakanani akipaka gundi mguu wa kiti, na kaka mtu alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango akinoa patasi ambayo hakuwa na kazi nayo. Chai ilikuwa kwenye benchi, vikombe vimefunikwa kwa vibao vidogo ili maranda yasiingie. Yesu aliingia, akapangusa miguu kwenye gunia, akabisha hodi akiwa ameshafika katikati ya chumba.

"Karibu," dada mtu alisema bila kuinua kichwa, maana gundi ilikuwa imeanza kushika. "Hebu nishikie hapa."

Akamshikia. Yesu huyu alikuwa sanamu ya mbao, kimo cha mtu mzima, aliyepelekwa kanisani ng'ambo ya barabara wiki mbili zilizopita. Tangu siku ya tatu alikuwa akishuka kwenye kiweko chake wakati wa chai, na kurudi kabla ya misa ya jioni. Padri alikuwa na habari. Mfagiaji wa kanisa naye alikuwa na habari, na lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba alirudi na vumbi la mbao na kulimwaga kwenye zulia la altare. Yesu alipewa brashi ya nguo, akawa anajipangusa mlangoni, na maneno yakaisha.

"Shikamoo, kaka," Yesu alimwambia mwenye patasi.

"Marahaba."

Jambo la shikamoo lilikuwa limeshafika mbele ya halmashauri ya parokia. Padri alieleza kwamba kwa upande mmoja Yesu huyu ana umri wa wiki mbili, na kwa upande mwingine alikuwepo kabla dunia haijawekwa, kwa hiyo akitoa shikamoo anaitoa kwa hiari yake na anayeipokea asivimbe kichwa. Halmashauri iliridhika.

"Imeshika, fundi," Yesu akamwambia dada mtu. "Niachie?"

Kaka mtu aliacha kunoa. Neno hilo, fundi, lilimchoma kila siku mahali pale pale. Nje, juu ya mlango, kulikuwa na kibao chenye herufi nyekundu: FUNDI MKUU. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Mkewe alimwita hivyo, hata siku walizogombana. Dada yake hakuna aliyemwita fundi. Alikuwa dada wa Fundi Mkuu, basi. Lakini huyu aliyekuja juzi tu, akinywa chai yake na kukalia stuli zake, alimwita yeye kaka na yule mwingine fundi. Fundi Mkuu alimwonea dada yake wivu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujificha mbele ya nafsi yake, alijua hivyo na hakuacha.

Karakana ilikuwa ya baba yao. Mzee aliwafundisha wote wawili kwa pamoja, kwenye benchi moja, kwa randa moja, na alipofariki mikono ikawa imekwenda kwa binti na funguo zikaenda kwa mwana. Aliwaachia pia chuma cha chapa, chenye alama ya randa ndani ya duara, na kanuni yake. Kila kitu kinachotoka mlangoni, kiwe kiti, kitanda cha mtoto au jeneza, hupigwa chapa mahali pasipoonekana, na anayeipiga ni yule aliyekitengeneza, kwa mkono wake. Mzee hakuwa na utani na jambo hilo. Aliwahi kurudisha kabati zima kutoka kwa mteja kwa sababu mwanawe alichapa droo za dada yake.

Miaka kumi na mmoja sasa chuma kilikaa kwenye mfuko wa kulia wa suruali ya Fundi Mkuu. Mfuko ulikuwa umetoboka na kushonwa mara nne.

Padri alipokuja kuagiza sanamu, alisema anataka Yesu aliye mtu kamili na Mungu kamili, si nusu kwa nusu, wala si Mungu aliyevaa ngozi ya mtu kama koti. Fundi Mkuu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeagizwa hayo kila wiki. Kisha akamwachia dada yake. Dada aliomba nguzo ya altare ya zamani, mti mwekundu mzito, na kutoka nyumbani akaleta mbao nyeupe za kitanda cha marehemu mama yao, kitanda ambacho wote wawili walizaliwa juu yake. Alifanya kazi miezi minne nyuma ya pazia la magunia. Alipolifungua pazia, mti ulikuwa mmoja. Ukitazama hivi ni nguzo ya altare, ukitazama vile ni kitanda cha mama, na kiungo hakionekani.

Halmashauri ilikuja kukagua. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti, alileta kioo cha kukuzia na kuipitia sanamu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Fundi Mkuu," alisema, "huku kwa Mungu kunaanzia wapi?"

"Hiyo ni siri ya karakana, Mwalimu."

Wajumbe walicheka kwa heshima. Dada mtu, ambaye alikuwa akipitisha maji ya kunywa, alisema, "Hakuna mahali kunapoanzia. Kila palipo na mti huu na ule upo, na haukuchanganyika."

Mwalimu mstaafu alimshukuru na kumwomba aongeze maji.

Walipokwenda kutafuta mkokoteni, Fundi Mkuu alichochea makaa, akatia chuma, akailaza sanamu chali na kupiga chapa chini ya unyayo wa kushoto. Moshi ulinuka nywele. Dada yake aliweka msasa chini, akatoka kwenda kunawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu sana.

Mikono hiyo ndiyo aliyopenda Yesu kukaa nayo. Alimshikia mbao akipima, alimpulizia vumbi kwenye mstari wa penseli, alimsimulia mambo ya kanisani, nani amesinzia na nani ameimba ovyo. Alijigonga kidole gumba kwa nyundo na kuita "Mama yangu!" kama mtu yeyote. Vumbi lilimpigisha chafya. Siku moja aliingiza mkono kwenye kopo la misumari iliyopinda, akitafuta mmoja wa kufaa, na alipoutoa misumari yote ilikuwa imenyooka. Dada mtu alisema afadhali, maana alikuwa amepanga kuigonga Jumamosi. Walicheka. Fundi Mkuu hakuona cha kuchekesha.

Alijaribu kumvuta kwake. Alimnunulia biskuti. Alimtengea stuli yenye mto. Yesu alikula biskuti tatu, akakaa kwenye mto kwa adabu muda wa kutosha asionekane mtovu wa shukrani, kisha akarudi kwenye benchi. Adhuhuri moja, dada mtu akiwa ametoka kununua gundi, Yesu alipitiwa na usingizi juu ya maranda. Fundi Mkuu alimsogelea, akaanza kumgonga kwa kifundo cha kidole, begani, ubavuni, tumboni, huku ametega sikio. Alipita na ukucha pale alipodhani angeficha kiungo kama angekuwa yeye.

"Unanitekenya, kaka," Yesu alisema bila kufumbua macho.

"Natafuta kiungo."

"Muulize fundi."

"Fundi ni mimi!"

"Ndiyo, kaka," Yesu alisema, akageukia upande wa pili.

Wiki ya tatu alianza kuchechemea. Alivuka barabara polepole, gari la maji likamsubiri. Dada mtu alimkalisha kwenye benchi, akauinua mguu wa kushoto na kuutazama kwenye mwanga wa mlango. Ile randa ndani ya duara ilikuwa imevimba kingo, na katikati ya mbao ilitoka damu, nyekundu, ya kawaida.

"Unaniuma," Yesu alisema. "Nikisimama kwenye kiweko ndiyo zaidi."

Dada mtu hakuhitaji kuambiwa. Alifuta damu kwa kitambaa, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, nipe chuma. Naikwangua kwa randa ndogo, unene wa ukucha mmoja tu, halafu naipiga upya kwa mkono wangu. Ni dakika kumi."

"Jumapili wanazindua kibao."

Hilo lilijulikana. Halmashauri ilikuwa imechonga kibao cha shaba cha kubandika kwenye kiweko, kisemacho kwamba sanamu hii ni kazi ya mikono ya Fundi Mkuu.

"Kibao kibaki," dada yake alisema. "Herufi za shaba sizitaki. Nataka chuma, kaka. Mara moja."

"Halafu useme nini mtaani?"

"Nimewahi kusema nini mtaani?"

Hakuwahi kusema chochote, na hilo lilimkera kuliko kama angesema. Angalau mtu akisema unamjibu. Fundi Mkuu aliutazama ule mguu juu ya benchi.

"Si wewe ni Mungu?" alimwambia Yesu. "Si ujiponye?"

"Naweza."

"Sasa?"

"Chapa ni yako, kaka. Iondoe wewe. Chuma kiko mfuko wa kulia."

Aliyasema bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake miwani aliyoipoteza. Fundi Mkuu alisema atafikiria.

Alifikiria Ijumaa yote na Jumamosi hadi saa tisa, na kwa kufikiria alitengeneza kiatu. Tangu baba yake afariki hakuwa ametengeneza kitu kwa mikono yake mwenyewe. Alikata ngozi ya begi la zamani la vifaa, akachonga soli ya mti laini, akaitoboa shimo la duara ili chapa isiguse popote. Soli ya kwanza ilipasuka, ya pili ikawa ya mguu wa kulia, na kwenye ya tatu alijikata kidole na hakusikia mpaka alipoona damu kwenye ngozi. Alikuwa akipiga mluzi. Dada yake alimtazama mara mbili, kwa kuwa ule mluzi ulikuwa wa baba yao, na safari ya pili aliacha kazi yake, akaenda kumshikia ngozi wakati anashona.

Yesu alikijaribu. Alisimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi.

"Umetengeneza mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Asante, fundi."

Fundi Mkuu aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu.

"Kinataka chapa," dada yake alisema kwa upole. "Cha kwako ni cha kwako."

Ni kweli. Alichochea makaa, akatoa chuma mfukoni, akakitia motoni mpaka kikawa chekundu, akaipiga soli. Chuma kilikaa bila kuteleza na hakikutoa moshi hata kidogo, kama kilivyokuwa kikikaa mkononi mwa mzee. Ngozi ilinuka vizuri. Aliinua chuma akakitazama.

Dada yake alikuwa amesimama mbele yake na randa ndogo katika mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameunyoosha, kiganja juu.

"Bado cha moto, kaka," alisema. "Nipe na mimi."

Yesu alikaa kwenye benchi. Alivua kiatu, akaweka mguu tayari, akangoja.

Fundi Mkuu aliutazama mkono ule. Ulikuwa na sugu mahali ambapo wake ulikuwa laini. Aliona dada yake atakavyoipiga chapa, mara moja, bila kuangalia, na vile itakavyokaa. Roho ilimuuma hadi akaona machozi yanakaribia. Akakitumbukiza chuma kwenye ndoo ya maji. Maji yalichemka, yakanyamaza. Alikifuta kwenye suruali na kukirudisha mfukoni kikiwa bado na joto.

Dada mtu alirudisha randa mahali pake. Yesu akavaa kiatu.

Jumapili kibao kilizinduliwa. Yesu alisimama kwenye kiweko mguu mmoja ukiwa na kiatu, na mwalimu mstaafu alisema kwenye hotuba kwamba kiatu hicho ni wazo zuri, kinaonyesha unyenyekevu. Watu walipiga makofi. Dada wa Fundi Mkuu alikaa safu ya nyuma, kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe mwaka juzi, lenye chapa ya kaka yake upande wa chini, na alipiga makofi pamoja nao.

Jumatatu saa nne chai ilikuwa tayari. Fundi Mkuu alikuwa amevaa shati safi na kukaa karibu na mlango ili awe wa kwanza. Yesu aliingia akichechemea kidogo, akapangusa miguu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba! Karibu, karibu sana." Alishaanza kumsogezea stuli yenye mto.

"Habari za kazi, fundi," Yesu akasema kule ndani.

"Njema," dada mtu alijibu. "Njoo unishikie."

Uso wa Fundi Mkuu ulishuka. Jina alilolitaka alikuwa nalo, na sasa alimwonea dada yake wivu kwamba naye analo. Aliketi mwenyewe kwenye mto, akachukua patasi isiyokuwa na kazi, akaendelea kuinoa.

Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi kulikuwa na duara ndogo za damu zenye alama ya randa, moja kwa kila hatua ya mguu wa kushoto, zikipita kwenye tundu la soli. Dada mtu alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kuzifuta kuanzia mlangoni. Alipofika kwenye stuli, kaka yake aliinua miguu ili apate nafasi ya kupitisha kitambaa.