Jeep Nyeupe Yenye Watu Saba

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye kizuizi cha barabarani, bariere kama wanavyosema kule, katikati ya Masereka na Butembo. Zorobabel alikuwa ameketi nyuma kabisa ya pikipiki, amemshika mkewe Kavugho kiunoni asije akaanguka. Tumbo la Kavugho lilikuwa gumu kama ubao tangu siku iliyotangulia, na muuguzi wa kijijini alikuwa ameandika kwenye karatasi: hospitali, leo hii hii. Mlingoti wa kizuizi ulifungwa kwa kufuli. Mkuu wa kizuizi alikuwa amekwenda kula, ufunguo mfukoni. Askari aliyebaki aliitazama karatasi, akasema haina muhuri, na mwenye kuamua juu ya karatasi zisizo na muhuri ni huyo huyo aliyekwenda kula.

Baada ya muda ikaja jeep nyeupe ya serikali. Ufunguo wa pili ukapatikana. Mlingoti ukapanda, jeep ikapita, mlingoti ukashuka, kufuli likafungwa tena.

Kavugho aliifuata jeep kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona. "Ile ingekuwa muzuri," akasema.

Saa tano na robo alikufa, akiwa ameketi vile vile, kwa kuwa juu ya pikipiki mtu hana pa kulala.

Walipomaliza matanga, Zorobabel aliamua kununua gari. Hakuna aliyemuuliza sababu. Masereka nzima ilijua kwamba waliokufa njiani kabla ya kufika hospitali hawaendi mbali. Wanakaa ndani ya magari yanayouzwa. Wauzaji wa Butembo waliyagawa magari yao mafungu mawili, matupu na yenye watu, na yale yenye watu waliyasukuma nyuma, karibu na ukuta, ambako bei hushuka. Mnunuzi aliyejitayarisha vizuri alikuja na fundi wa kusikiliza injini na dada au shangazi wa kuchungulia kiti cha nyuma.

Kavugho hakuwa amefika hospitali. Kwa hiyo alikuwa ndani ya gari fulani, na gari hilo lilikuwa linauzwa mahali fulani.

Zorobabel aliuza msitu wake wa mikaratusi, wote, mpaka vijiti. Akiwa na miaka hamsini na tisa alijifunza kuendesha kwa lori la viazi la jirani yake Éliakim, kwenye mteremko wa Musienene, siku zisizo za soko. Mara mbili aliliingiza lori kwenye shamba la maharagwe. Éliakim alimwambia apumzike kidogo.

"Kupumzika?" Zorobabel akasema. "Bakubwa ya hii inchi ndio banapumzika. Washa tena."

Alikuwa amesoma miaka mitatu tu, akina baba wa misheni wakamrudisha shambani, basi alama za barabarani alizishika kwa rangi na umbo kama mtu anavyowatambua mbuzi wake. Permi ya kuendesha aliipata mara ya nne. Aliyempa alimwambia barabara zenyewe hazina alama hata moja. Zorobabel akajibu kwamba anajua hilo, na anawajua wakubwa waliozila.

Kila Jumatano aliteremka Butembo na dada yake Agar. Kosa lake lilikuwa hili: alitafuta gari kubwa. Alifikiri mke wake, aliyekufa ameketi, atakuwa amechagua mahali pa kujinyoosha. Basi alivua viatu, akapanda nyuma ya kila basi dogo, akalala chali kupima urefu kwa mwili wake, huku Agar akizunguka nje akichungulia vioo vya magari mengine.

"Huku kuko mwanamuke," Agar alisema siku moja. "Lakini ni mwembamba. Haiko yeye."

"Mwambie pole."

"Nimekwisha kumwambia. Anauliza kama tunaenda hospitali."

Wiki ya saba, muuzaji mmoja jina lake Edmond, ambaye wenzake walikuwa wameanza kumuuliza kama mzee huyu ananunua gari au kitanda, alimsogelea akamsaidia kushuka.

"Papa, uko natafuta vibaya. Bale batu habachagulaka gari ya kulala. Banakaaka mu gari yenye ilibapita pale ku bariere."

Zorobabel alivaa kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Jeep nyeupe," akasema. "Ya serikali."

"Zile banaziuzishaka Beni, kama mukubwa amepata ingine mupya. Uende na mutungi ya maji, kule kuko moto. Na ukiipata, urudi kunisalimia."

Beni kulikuwa na joto kweli. Pembeni ya barabara, kati ya ghala la kakao na kibanda cha mafuta, palikuwa na jeep nyeupe tatu. Mbili zilikuwa tupu, maana wakubwa wake walikuwa hawajatembea sana. Ya tatu ilikuwa imeinama nyuma kama punda aliyebeba mzigo. Agar alichungulia mara moja tu, kisha akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Yuko," akasema. "Ku dirisha. Na bengine."

Kavugho alikuwa amevaa kitenge kile kile cha siku ile. Alishusha kioo.

"Umechelewa," akamwambia mumewe.

"Nilikuwa natafuta kubwa."

"Si nilikuambia ile siku, ile ndiyo muzuri? Haunisikiaka."

Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Grady, alikuja akitafuna ndizi. Alieleza hali ya injini, hali ya magurudumu, na hali ya watu. Watu walikuwa saba.

"Mimi nataka mumoja tu," Zorobabel akasema. "Ule wa ku dirisha ni bibi yangu."

"Haiko fungu ya samaki, papa, useme toa huyu acha ule. Ni saba ao hapana."

Zorobabel akafungua mlango wa nyuma, akawaomba wengine kwa heshima washuke. Katekista mmoja mzee, aliyebanwa katikati, akamuuliza kwa upole washukie wapi. Kandokando yake alikuwa askari mwenye bandeji kifuani, na Zorobabel, alipoona magwanda, sura yake ikakunjamana.

"Hata weye? Bariere si ni zenu?"

"Nilikuwa nimepigwa risasi, papa," askari akasema. Alitoka mbali, Equateur, na Kiswahili chake kilikuwa na Kilingala ndani. "Chef wangu, mukubwa wa kikosi, alipita na hii. Mimi nilibaki na lori, balifunga bariere."

Zorobabel alitafuta neno la kumtukana chef huyo, akalipata, akalisema. Kisha akamwita fundi mmoja wa pale asikilize injini. Fundi alisema injini ni nzima. Gari la serikali halichoki, barabara ndiyo inachoka. Mchana ule ule karatasi zikaandikwa. Zorobabel akatia kidole gumba, akaapa mbele ya Grady kwamba wote saba watafika hospitali leo, hata kama kila mkubwa wa mkoa amelala katikati ya barabara.

Hakuna aliyelala barabarani. Kwenye kizuizi cha kwanza askari waliona jeep nyeupe wakainua mlingoti kabla hajapunguza mwendo. Kwenye cha pili walipiga saluti. Zorobabel, ambaye maisha yake yote hakuna aliyempigia saluti, aliinua mkono kidogo kutoka kwenye usukani. Agar alimwona.

Kwenye kizuizi cha tatu palikuwa na foleni ya pikipiki. Juu ya moja aliketi mwanamke kijana, amejikunja, mwanamume nyuma yake amemshika kiunoni. Askari akaipungia jeep mkono: pita, pita, mukubwa. Pikipiki zikasogezwa kando kwenye matope. Zorobabel aliona yote hayo. Aliwaza kwamba ana wagonjwa saba, kwamba jua linashuka, na kwamba bila shaka mlingoti utabaki juu kwa ajili ya wengine. Akapita. Kwenye kioo aliona mlingoti ukishuka.

Saa nzima baadaye, kwenye kilima cha mwisho kabla ya Butembo, jeep ikawa nzito. Ilibidi arudi gia ya kwanza. Nyuma, mkewe alikuwa akimwambia mtu:

"Sogea huku, mama. Nafasi iko."

Zorobabel hakugeuka. Agar aligeuka, akaangalia, akarudisha uso mbele.

Hospitalini muuguzi wa zamu, Aurélie, aliwapanga kwenye benchi, akafungua daftari kubwa. Aliandika jina, kijiji, siku, gari lililompita mgonjwa, na mtu aliyekuwa anaendesha au aliyebebwa. Kavugho alikuwa wa kwanza. Alijibu bila kusita, akamtaja mkubwa wa jeep kwa jina na cheo, na Aurélie akaandika bila kuuliza mara mbili, kwani jina hilo lilikuwa limejaa kwenye kurasa za nyuma. "Wasingya," Kavugho akamshukuru kwa Kinande, akaongozwa kwenye kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile akalala chini. Katekista alijibu. Askari alijibu, akataja chef wake na namba ya kikosi. Wote saba walijibu.

Mwishoni mwa benchi alibaki mwanamke kijana mwenye matope mabichi kwenye miguu. Alitaja jina lake, Kanyere, na siku, leo.

"Gari gani ilikupita?"

"Jeep nyeupe."

Aurélie aliandika. Nje, kupitia dirisha, jeep ilionekana imeegeshwa, injini bado inatoa moshi kidogo. Zorobabel alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Kalamu ikasogea kwenye safu ya mwisho, ikangoja.

"Na nani alikuwa anaiendesha?"