Trela la Mwaka Tisini na Sita

Duane Nowak alifungua bomba la jikoni la trela lao, kijumba cha kulala kinachovutwa na gari, maji yakatoka rangi ya waridi. Ilikuwa dawa aliyoimimina mabombani kabla ya theluji, ili baridi ya Michigan isiyapasue. Aliyaacha yatiririke mpaka yakawa meupe, akaonja, akatema.

"Bado yana utamu!"

"Basi chai haitataka sukari," akajibu mkewe, Marlys, aliyekuwa amekaa nje na mpira wa oksijeni puani.

Walilinunua trela hilo kwa mjane mmoja jirani, likinuka panya. Tangu kiwanda cha vioo alikofanya kazi Duane kifungwe na bima ya matibabu kufa pamoja nacho, chumba cha hoteli kando ya ziwa kilikuwa ndoto ya Alinacha. Duane alikwangua kutu, akapaka rangi mpya, akaziba paa kwa gundi, akapaka povu la sabuni kwenye viungio vya gesi aone kama vinavuja. Marlys alishona mapazia ya njano, akihema kwa kila pindo. Daktari alikuwa amemwambia asipange mambo ya mwakani. Naye alitaka jambo moja tu: aamke asubuhi akiwa kitandani, afungue pazia, alione Ziwa Huron.

Mashine yake ya oksijeni haikubali kulala bila umeme. Kambi za serikali za kuegesha matrela ziwani, zenye umeme, zilikuwa zimejaa tangu majira ya baridi, kwa hiyo Duane aliweka nafasi kwenye kambi ya mtu binafsi. Kwenye simu waliuliza urefu wa trela, basi.

Walipokuwa kwenye foleni ya getini ndipo Duane alipoona kibao: trela lililozidi miaka kumi haliruhusiwi. Hakumwambia Marlys. Alijua rangi mpya inaweza kuficha umri wa trela.

"Karibuni!" alisema binti wa getini. "Lo, trela lenu linang'aa!"

Marlys akatoa kichwa dirishani, fahari imemjaa. "Si ndiyo! Huwezi kuamini ni la mwaka tisini na sita. Huyu mzee unayemwona ndiye aliyelifufua."

Tabasamu la binti likafifia. "Jamani, mama... sisi mwisho wetu miaka kumi."

"Linavuja?" Duane akauliza. "Linanuka? Ingia ukague, binti yangu."

"Mimi naliona zuri, mzee. Ila wenyewe wanasema matrela ya zamani yanaharibu sura ya kambi."

"Mke wangu anapumua kwa umeme. Usiku mmoja tu. Tuweke hata kule kwenye mapipa ya taka."

Binti akapiga simu, akasikiliza, akaikata bila kuwatazama. "Wamekataa. Pesa yenu itarudi."

"Nimeropoka," Marlys akanong'ona.

"Hujakosa kitu, mke wangu. Umesema kweli."

Hasira ilimpanda Duane, lakini angempiga nani ngumi? Binti huyo hata geti hakulimiliki. Maskini akikaa na uchafu wake huitwa mvivu. Akisafisha, huulizwa kitu chake ni cha mwaka gani.

Getini hapakuwa na nafasi ya kugeuza. Wakaambiwa wazunguke ndani, watokee geti la nyuma. Barabara ilipinda karibu na maji, na pale kwenye kona Duane akasimama, akazima injini.

"Litazame ziwa lako," akasema. "Walio nyuma wasubiri."

Nyuma yao honi ikalia, kisha nyingine. Marlys aliegemea kioo, akatazama kitambo, mashine yake ndogo ya betri ikikoroma miguuni.

"Nimeliona," akasema. "Zuri kweli. Twende, tunawazibia watu njia."

Duane akainama kufuata macho yake. Kutoka pale, mwanzo hadi mwisho wa ufuko, yalikuwa yamepangwa matrela mapya, marefu, meupe, ubavu kwa ubavu. Tone la maji halikuonekana.

Akawasha injini.