Mgeni wa Bastola ya Pili

Hapa Pruett, Oklahoma, hapiti mtu tusiyemjua. Mbwa akihamia mtaa wa pili, tunajua kahama na tunajua kagombana na nani. Nalisema hili kifua mbele, na lilikuwa kweli mpaka Jumatatu moja ya majira ya kuchipua.

Siku iliyotangulia, ibada ilikuwa imekwisha na watu wanaagana mlangoni. Wanaume wa kanisa letu hukumbatiana kwa ubavu mmoja, bega la kushoto kwa bega la kushoto, kiwiko cha kulia kimebanwa chini, ili mtu asije akagusa chuma cha bastola kiunoni mwa mwenzake wakaona haya wote wawili. Watoto huiga namna hiyo kabla hata hawajajua sababu yake. Lakini mchungaji wetu mpya alitoka jimbo jingine na hakuna aliyemweleza. Alimkumbatia mjomba wangu, Verlon Stidham, kwa mikono yote miwili, akamwinua kidogo kutoka sakafuni, akamwambia Mungu anampenda.

Mjomba alirudi kwenye pikapu mweupe kuliko kawaida yake.

"Alinibana mkono wa kulia," alimwambia mkewe.

"Alikuwa anakusalimu," alisema anti Twyla.

"Na kama asingekuwa mchungaji?"

Kesho yake alinunua bastola ya akiba, ndogo, ya risasi tano, pamoja na kifuko cha kuifunga juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Ile kubwa ilibaki kiunoni kama miaka yote. Jioni alikuwa ameketi kitandani akikaza mkanda wa kifuko kipya, na mkanda ulipobana tu, mlango wa mbele ukabishwa. Anti Twyla akaenda kufungua.

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la kijivu, ndevu hazijanyolewa, kovu kidevuni. Mjomba alitoka chumbani akamtambua papo hapo. Kwa miaka ishirini alikuwa akimwona kwa mawazo tu, akijihami naye, kwenye maegesho ya maduka, nyuma ya pampu za mafuta, kwenye meza ya mwisho ya kila mgahawa. Alimjua mpaka kovu.

"Ni wewe," alisema mjomba.

"Ni mimi," alisema yule mtu. "Naweza kukaa? Nimesimama muda mrefu."

Anti Twyla alimpa kiti na chai baridi. Jina hakuwa nalo, maana mjomba hakuwahi kumpa. Mikono yake ilikuwa mitupu, kwa kuwa silaha yake mjomba alikuwa akiibadilisha kila mara, leo kisu, kesho bunduki, na mwisho haikujulikana ashike ipi.

Mjomba alimpigia simu askari wa kaunti.

"Kakutisha?" aliuliza askari.

"Bado."

"Kavunja mlango?"

"Twyla kamfungulia."

"Basi una mgeni, Verlon. Mpe chakula."

Wakampa. Alikula kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, akasifu, kisha akaosha vyombo. Anti Twyla, ambaye hapendi kukaa na jambo rohoni, akamuuliza alikuwa ametaka nini hasa kwa mumewe miaka yote hiyo.

"Hata mimi sijui, mama," alisema yule mtu akifuta sahani. "Kila mara mzee hunipiga risasi kabla sijafungua mdomo."

Alilala kwenye kochi. Asubuhi alikuwa bado yupo, na wiki iliyofuata pia.

Aliyekosa raha alikuwa mjomba. Maisha yake yote ya utu uzima hakuwahi kukaa akaupa mlango mgongo, na sasa mlango uko huku na mtu yuko kule, jikoni, anamenya viazi, na hakuna mahali alipofundishwa aelekee wapi katika hali kama hiyo. Alibadilisha viti mpaka akaanza kula amesimama. Alilala na viatu. Aliinuka, akazunguka nyumba, akajaribu madirisha, akarudi, akakuta mgeni amepiga miayo na kugeukia upande wa pili. Mimi nilikuwa nikienda pale kila jioni, kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya kutazama.

"Mjomba, furahi," nilimwambia. "Zamani ulikuwa unahangaika kumtafuta."

"Kula unyamaze."

"Nakula. Ndugu, nipitishie chumvi." Mgeni akanipitishia.

Anti Twyla alimwambia mumewe kwa upole, "Ivue hiyo ya mguuni. Kaja nayo, ataondoka nayo."

"Na akirudi?"

"Arudi kuchukua nini? Mwenyewe hajui."

Angeweza kuendelea hivyo mwaka mzima kama si Kaylene. Kaylene ni binti yao wa pekee, anasafisha watu meno huko Tulsa. Alijifungua majira ya baridi, mtoto wa kike, Josie Rae, na mpaka siku hiyo babu alikuwa hajampakata. Hakukatazwa. Aliwekewa sharti moja tu.

"Simpi mtu mwenye chuma mwilini," Kaylene alisema kwenye simu. "Hata wewe, baba. Hasa wewe. Nimekua nikipakatwa na wewe nikidhani baba wote duniani wana mfupa mgumu pale kiunoni."

Mjomba akasema waje Jumapili.

Jumapili hiyo hakwenda kanisani. Alinyoa. Alivaa shati jeupe akalichomekea, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu arusi yake, na arusi yake niliiona kwenye picha. Kaylene alipofika na kumtoa mtoto kwenye blanketi, mjomba alikwenda chumbani, akaivua ile kubwa, akainama akaivua ile ndogo, akazifungia zote kabatini.

Sebuleni mgeni aliinuka. Alikunja leso yake, akamshukuru anti Twyla kwa yote, akachukua koti. Tulimwona dirishani akipita sanduku la barua, akifuata barabara, akikata kona penye duka la chakula cha mifugo. Basi, akawa hayupo.

Mjomba alirudi sebuleni. Mikono yake ilikuwa inaning'inia mirefu na myepesi, kama ya mtu aliyetua ndoo. Kaylene alimnyooshea mtoto. Mjomba alinyoosha mikono, vidole vikagusa blanketi.

"Kaelekea wapi?" aliuliza.

"Kaondoka, baba."

"Najua kaondoka. Nauliza yuko wapi."

Akaenda dirishani. Akaenda mlango wa nyuma. Akafungua pazia la bafu, tukasikia pete zake zikikwaruza bomba. Akarudi, akatazama chini ya meza.

"Alipokuwa hapa nilikuwa namwona," alisema.

Mtoto alipiga chafya, mjomba akaruka akagonga ukuta. Kaylene alikuwa bado kamnyooshea mtoto.

"Baba. Mshike."

"Nakuja, mwanangu. Dakika moja tu."

Tukasikia ufunguo wa kabati. Tukasikia mkanda wa kile kifuko kidogo ukipita kwenye kifungo, na kabla haujakazwa sawasawa, mlango ukabishwa.

Anti Twyla alimfungulia. Mgeni alifuta viatu, akaenda kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Mjomba alitoka chumbani shati likiwa nje, akasimama mgongo ukutani, mkono wa kulia karibu na kiuno. Kaylene alimtazama baba yake, akamtazama yule mwenye mikono mitupu, akampa mtoto.

Yule mtu alimpokea vizuri. Alimweka kichwa kwenye kiwiko, akatembea naye polepole kati ya kochi na runinga. Josie Rae alimshika kovu la kidevu, akalala. Mjomba alifuata kila hatua kwa macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana ametulia kidogo, maana aliweza kuwaona wote wawili.

Anti Twyla akaenda jikoni kukata nyama. Nikaona niwachekeshe kidogo.

"Mjomba, hongera. Wengine wanalipia yaya."

Sikupata hata kicheko kimoja. Kaylene alikuwa ananisugua kwa macho kama jino bovu.

"Wewe mchekeshaji," alisema, "yule anayekungoja nje ni nani?"

"Nje wapi?"

"Ndani ya pikapu yako. Kijana mwenye jezi ya kijani, shingo nene."

"Ah, yule. Mwenzangu wa kazini, kwenye matairi. Hapendi watu."

"Mbona kanisaidia kushusha kiti cha mtoto? Nikamuuliza anafanya nini peke yake juani, akaniambia. Kaniambia tangu lini una bastola ya pili, na uliinunua wapi." Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye buti langu la kulia. "Mpaka mguu kaniambia."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Anti Twyla alikuwa ameshavuta kiti kingine mezani.

"Kamwite aingie," alisema. "Nyama inapoa."