Mwalimu wa Mtihani Alioufeli

Mumewe alianza kupongezwa kabla hajaufanya mtihani. Hilo ndilo lililomkera mkewe kwanza, na kusema kweli linamkera mpaka leo.

Wote wawili walikuwa mafundi wa mitandao ya kompyuta. Yeye alikuwa kwenye kampuni inayounganisha ofisi na matawi yake. Mumewe alikuwa kwenye kampuni nyingine ya aina hiyo hiyo, na huko alijulikana kama Kamanda, jina alilojipa mwenyewe kisha akangoja wenzake walizoee. Mtihani wenyewe ulikuwa ule wa juu kabisa katika kazi yao, wa vitendo. Huko hukai ukachagua jibu la a, b au c. Unaingizwa chumbani, unakabidhiwa mtandao mzima wa kampuni ya kubuni, makao makuu na matawi na maradhi yake yote, unaambiwa haya, jenga, tibu, na kutwa nzima vidole vyako viko kwenye kibodi.

Kamanda alipojiandikisha tu, aliwatangazia ndugu na marafiki. Shangazi zake wakampigia vigelegele kwenye simu. Mama yake, aliyekuwa akiishi nao, akawa hataki aguswe hata na upepo. "Mwacheni mwanangu, ana mtihani," akawa anasema, na sauti ya televisheni inapunguzwa. Kwamba mkamwana naye ana mtihani huo huo, siku ile ile, hilo halikumwingia kichwani. Au liliingia sikio hili likatokea lile.

Chumba cha wageni walikuwa wamekigeuza karakana. Kulikuwa na rafu ya chuma, na juu yake ruta na swichi kuukuu za mtandao zilizostaafishwa na makampuni, feni zake zikivuma kiasi kwamba ukitaka kuzungumza humo ndani sharti upaze sauti.

"Hayo makopo yenu yananguruma kama mashine ya kusaga," mama mkwe alilalamika. "Unga wenyewe hatuuoni."

"Utauona, mama," alijibu Kamanda kutoka kwenye sofa.

Kwenye sofa, naam. Maana karakana ile aliijua kwa kupita mlangoni. Mkewe ndiye aliyekuwa akijifungia humo kila akitoka kazini, anajenga mtandao, anauharibu kwa mkono wake mwenyewe, anautafuta ugonjwa kana kwamba hajui aliouweka wapi, anauponya, kisha anafuta kila kitu na kuanza upya. Shingo ilimuuma. Macho yalikuwa mekundu. Kamanda yeye alijilaza na vipokea sauti masikioni, anatazama video za watu wengine wakifanya mazoezi, tena kwa kasi maradufu, kwa sababu, alivyosema, akili yake inakwenda mbio kuliko mdomo wa mwalimu. Akili hiyo ilipochoka na mbio, ilisinzia.

Siku moja akaingia karakana akichekelea, simu mkononi.

"Acha kujitesa bure, mke wangu. Mtihani ninao hapa."

"Mtihani wa nani?"

"Wetu! Umevuja. Maswali, michoro, majibu, yote. Kuna jamaa amefaulu nao."

"Na huyo jamaa umemwona kwa macho yako?"

"Ameandika kwenye kundi."

"Kwenye kundi," mkewe alirudia, kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Hata kunguru huwa anaangalia anachookota."

"Wivu tu huo," alisema Kamanda, akatoka.

Tangu hapo akawa anakariri. Asubuhi akinyoa ndevu, utamsikia anazitaja amri mstari kwa mstari, kama kasuku aliyefungiwa kwenye duka la kompyuta. Ukimuuliza amri hii inafanya kazi gani, anakasirika kwa kukatizwa.

Siku ya mtihani walikaa chumba kimoja, mkewe akiwa safu ya nyuma, kwa hiyo mgongo wa mumewe aliuona vizuri. Maswali yalipofunguliwa kwenye skrini, wenzao wote waliinama kusoma. Kamanda hakusoma. Alianza kuchapa papo hapo, kibodi ikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Wakati wa mapumziko akamkonyeza mkewe na kumnong'oneza, "Ni ule ule!"

Haukuwa ule ule. Ulifanana nao, kama ndugu wa mbali wanavyofanana, lakini makao makuu yalikuwa yameunganishwa kwa njia nyingine, na baadhi ya mambo aliyoyakariri yalikuwa yamepigwa marufuku waziwazi kwenye maelezo ambayo hakuyasoma. Alikuwa amejenga nyumba ya mtu mwingine kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Baada ya chakula cha mchana mvua ya mawe ilikatika. Mkewe akaona mabega yakishuka, yakishuka, mpaka akajilazimisha kutazama skrini yake mwenyewe.

Naye pia alifeli. Yafaa isemwe, maana hata yeye mwenyewe hakujisamehe. Mwishoni, saa ya kukabidhi ikikaribia, alirekebisha kichujio kimoja cha njia, akafurahi, asijue kwamba kwa rekebisho lile amelizibia tawi moja mlango wa kutokea. Tawi hilo alikuwa amelipima asubuhi likawa zima. Hakurudi kulipima tena. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Alijidharau kwa hilo kuliko alivyowahi kumdharau mtu.

Matokeo yalipokuja, Kamanda alisoma yake kimya. Kisha akainama juu ya bega la mkewe akasoma na yake. Uso wake ukachanua.

"Kumbe hata wewe!"

Akaelekea sebuleni na sauti ya mtu aliyepona homa. "Mama, tumefeli wote. Ule mtihani ni wa kukomoa watu tu."

Tumefeli. Neno hilo lilimkaa mkewe kooni. Mmoja ameanguka akiwa ameshika kitasa cha mlango, mwingine ameanguka kabla hajavaa viatu, lakini kinywani mwa Kamanda wakawa mwili mmoja. Angeweza kumvumilia akilia. Kumwona anafurahi ndiko kulikomshinda.

Mkewe alirudi karakana akawasha makopo yake.

Kamanda yeye hakurudi kwenye mtihani. Alifungua darasa. Ndiyo, darasa la mtandaoni, la kuwaandaa watu kwa ajili ya mtihani ule ule uliomwangusha kifudifudi. Alinunua taa ya kumulika uso, akatundika pazia la buluu nyuma ya kiti, akavaa koti la suti juu na kaptura chini. Na watu wakaja! Vijana wenye kiu ya kujua, wengi wao werevu kumshinda, wakamwita Kamanda kwa heshima zote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakuwa hata na tembo, alianza na maji moja kwa moja.

Ukuta kati ya chumba chake na karakana ulikuwa mwembamba. Jioni moja mkewe akamsikia mwanafunzi akiuliza, "Kamanda, ruta zangu mbili zinatambuana kama majirani, lakini zinakwama hapo. Hazibadilishani taarifa. Tatizo nini?"

"Zima, washa," alijibu Kamanda.

"Nimezima nikawasha."

"Zima tena. Vifaa vya siku hizi vina kiburi."

Mkewe aliweka paji la uso kwenye rafu ya chuma. Jibu lilikuwa jepesi: upande mmoja unatuma vifurushi vya taarifa vikubwa kuliko upande wa pili unavyoweza kupokea. Salamu ni ndogo, zinapita. Mzigo wenyewe unakwama mlangoni. Sawazisha vipimo, basi. Lakini alinyamaza. Mke hamsahihishi mumewe kupitia ukutani.

Aliporudi kwenye mtihani mara ya pili, hakumwambia yeyote zaidi ya bosi wake kazini. Safari hii alisoma maelezo yote mpaka mwisho kabla ya kugusa kibodi, na kila alipobadilisha kitu alirudi kupima alivyokwisha kuvijenga, hata pale mkono ulipomwasha kuendelea mbele. Akafaulu. Habari zilipomfikia alikuwa ofisini. Alikwenda akajifungia chooni, akalia kidogo, akanawa, akarudi mezani.

Nyumbani alisema wakati wa chakula, kwa sauti ya kawaida. Kamanda akasema, "Safi," akaendelea kutafuna. Mama mkwe alimshika mkono.

"Hongera, mwanangu. Hongera sana. Ila usiliseme sana huko nje, mwenzio asije akajisikia vibaya."

Na ajabu ni kwamba alikubali. Kweli kabisa, alikuwa tayari kunyamaza. Angelificha hilo kama mtu anavyoficha kiraka.

Asubuhi ya pili, mfanyakazi mwenzake akamsogezea simu. "Hili tangazo umeliona?"

Ilikuwa picha yake, imekatwa kutoka kwenye picha ya familia. Bega la wifi yake bado lilionekana pembeni. Chini yake, kwa herufi nene: MWANAFUNZI WA KAMANDA AFAULU MTIHANI MKUBWA. NAFASI YAKO NAWE IPO.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka mwenzake naye akacheka. Kisha kicheko kikamwisha.

Jioni hiyo Kamanda alipoingia chumbani mwake na koti na kaptura, mkewe aliketi jikoni, akajiunga na darasa kwa simu kama mwanafunzi yeyote. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga.

"Yule dada mliyemwona kwenye tangazo," Kamanda alikuwa anasema, "alikuja kwangu hajui hata ruta inawashwa wapi. Mtazameni sasa!"

Mkewe akabonyeza alama ya mkono kwenye skrini, ya kuomba kuuliza. Kamanda hakutazama ni nani. "Ndiyo, uliza, usiogope."

"Mwalimu, wewe mwenyewe mtihani huu ulifaulu?"

Sauti alikuwa ameitambua. "Hilo... hilo liko nje ya mada."

"Basi niseme la ndani ya mada. Mimi ndiye yule dada. Ni mke wake. Ruta nilikuwa naziwasha kabla sijamjua. Tulifanya mtihani siku moja, tukafeli. Mimi nikarudi, yeye hajarudi. Na yule aliyeuliza kuhusu majirani waliokwama, angalia ukubwa wa vifurushi pande zote mbili. Kuzima na kuwasha hakutakusaidia."

Darasa likakatika. Mlango ukabamizwa, na Kamanda akatokea jikoni akihema, suti juu, magoti nje.

"Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Nguo gani? Ulikuwa umevaa yangu."

"Ile ni biashara! Tangazo ni tangazo. Nilikuwa nakusifia!"

"Ulinisifia kwa kuniita mjinga uliyemwokota?"

"Mama, msikie mkamwana wako!"

Mama mkwe aliweka kisu chini. Mkewe alijiandaa kwa mahubiri. Lakini bibi yule alimtazama mwanawe kwanza usoni, kisha kwenye magoti, akauliza taratibu, "Kwani wewe ulimfundisha?"

"Si hivyo, mama, watu wanataka—"

"Nimeuliza, ulimfundisha?"

Kamanda akaitazama friji kana kwamba ingemtetea.

"Basi ifute hiyo picha," mama akasema. "Na uvae suruali."

Picha ikafutwa. Wanafunzi nusu wakahama. Nusu wakabaki, na mmoja aliandika kwamba mwalimu ambaye mkewe amefaulu lazima na yeye anajua kitu. Mkewe aliposoma hayo alitikisa kichwa. Wapo watu wanaoutafuta ujinga kwa taa. Yeye aliomba stoo tupu pale ofisini, akahamishia humo rafu yake, na Jumamosi asubuhi mafundi wanaojiandaa na mtihani wakawa wanakuja kufanya mazoezi. Anayetaka jibu huulizwa kwanza amejaribu nini. Wawili kati yao walitoka kwenye darasa la Kamanda, na ilichukua muda kuwaondolea walichofundishwa.

Nyumbani waliendelea kuishi, wakisalimiana kwa adabu. Kisha siku moja mama mkwe akaja na simu yake, ameisogeza mbali na macho ili asome. Kamanda alikuwa amefungua darasa jipya, la kuzuia wezi wa mitandaoni.

"Na hili nalo," mama aliuliza, "ameshaufanya mtihani wake?"

"Hata kitabu hajanunua, mama."

Mama mkwe akaguna, akafunga simu, akaenda kulala mchana.