Umeme wa Jino la Honorine

Daktari Rufus alimfunga Honorine kitambaa cha plastiki kifuani, akamwambia afungue kinywa. Kliniki ilipakana na stesheni ya St Marys, na treni ilipopita vifaa vililia kwenye trei. Skrubu iliyoshikilia jino lake la bandia ilikuwa imeingiwa na vijidudu. Ufizi umevimba, usaha unatoka. Daktari hakutaka kuing'oa. Aliunganisha waya mwembamba kwenye skrubu, akapitisha umeme kidogo tu, wa kuua vijidudu bila kumuumiza mtu.

Umeme ulipopita, mama yake Honorine alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, ungo mapajani, anachambua maharagwe.

Mama huyo alifariki Julai, hospitalini, mji ukiwa umefungwa kwa ajili ya korona. Honorine, ambaye kazi yake ni kuwaogesha wazee wa watu, hakuruhusiwa kumshika mkono mzee wake. Alimuaga kwenye simu iliyoshikwa na nesi, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Kawira, msaidizi wa daktari, alimpa mama barakoa. Mama akaivaa, akaendelea na kazi yake. Alinukia moshi wa makaa na sabuni ya kufulia, kama jikoni kwao Bukavu siku ya Jumapili, maharagwe yakitokota na wasichana wakisukana nje. Honorine alilia kwa raha, kinywa wazi. Daktari akayafyonza machozi kwa mrija pamoja na mate.

"Honorine, ulishakula?" mama aliuliza.

Umeme ulipozimwa kiti kilikuwa kitupu. Kawira alifagia maharagwe mawili yaliyobaki sakafuni.

Siku ya matibabu ya mwisho Honorine alikwenda na nia moja: amshike mama mkono. Umeme ulipopita tu, mama akawa kitini, naye akaunyoosha mkono wake. Kawira akaingia katikati.

"Pole dada, hakuna kugusana. Na hii room ni one patient only, ndiyo policy. Mama itabidi angoje nje."

"Ni mama yangu," alisema Honorine, waya ukining'inia mdomoni.

"I know, dada. Hata mimi wangu sikumzika."

Mama hakubishana. Tangu maisha ya kambi ya wakimbizi alishazoea kuambiwa angoje nje. Alichukua ungo wake.

"Kula, mwana yangu. Umekonda sana."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Daktari alitazama saa, akazima umeme, akasema ufizi umepona vizuri kabisa, hakuna haja ya kurudi tena. Kawira alikipulizia dawa kiti cha mama, akakipangusa, akamwita mgonjwa aliyefuata.