Mashavu ya Kwenye Picha

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya kunywa hata maji, Gorret alipanda mizani jikoni kwake, katika nyumba za maofisa kwenye kambi ya jeshi ya Mbarara. Apolline, mpishi wake, alipunguza moto chini ya mayai, akainama kusoma namba, maana tumbo la Gorret lilimzuia kuiona mwenyewe. Jumatatu ya kwanza ya Juni 2012 mizani ilisema tisini na saba.

"Soma tena," Gorret alisema.

Apolline akasoma tena. Namba ilikuwa ileile.

Mume wa Gorret, Kapteni Ahimbisibwe, alikuwa Somalia na kikosi chake, na alitazamiwa kurudi Desemba. Wake wa maofisa walikuwa wameshaambiana kwamba wanaume hurudi kutoka kule na macho mapya. Basi jirani mmoja akaleta karatasi aliyoipata Kampala, na Gorret akaibandika kwenye mlango wa friji. Karatasi ilikataza posho, yaani ugali wa mahindi, matoke, wali, viazi, mihogo, mkate, sukari na hata maharagwe. Iliruhusu nyama, mayai, samaki, parachichi, siagi na majani.

"Sikia," Gorret alimwambia Apolline. "Mimi posho hapana. Matoke hapana. Hata nikilia, wewe usinipe."

"Ndiyo, madamu."

Na kweli alilia. Siku ya nne aliketi kwenye kigoda cha jikoni, akainusa sufuria ya posho aliyojipikia Apolline, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Mtu anayelilia chakula kilicho mbele yake anatia huruma, hata kama friji yake imejaa nyama, na Apolline alimhurumia kwa moyo wote. Hata hivyo aliiondoa sufuria kama alivyoagizwa, akaenda kuila posho yake uani. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake, mara moja kwa siku, na majani kidogo pembeni. Nyama aliipika tu.

Wiki ya kwanza Gorret alipungua kilo tatu. Apolline alipokuwa akiifuta ile mizani, aliipanda mara moja. Tangu aondoke Kongo alikuwa na kilo arobaini na tisa, zikifika hamsini wakati wa mavuno. Sasa alikuwa na hamsini na mbili. Alishuka, akaendelea kufuta.

Wiki ya pili Gorret alipungua mbili, Apolline akaongezeka mbili. Mwisho wa Julai alikuwa na kiuno cha Gorret, na alipopita mlango wa stoo ilimbidi ageuke ubavu. Njaa yake lakini ilibaki palepale. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi wahenga hawakupata kubeba kilo za mke wa kapteni kutoka bombani hadi jikoni, na ndoo ya maji juu yake.

Aliyelieleza jambo lile ni Medius, shangazi yake Gorret, aliyekuja kutoka kijijini na kibuyu cha maziwa. Alimtazama Apolline akiweka vikombe mezani, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mtu anayenunua nyanya.

"Haya ni maziwa yangu," alisema.

Zamani kule Ankole, bibi harusi alifungiwa ndani na shangazi yake na kunyweshwa maziwa asubuhi, mchana na jioni, mpaka anenepe, ndipo atolewe kwa mume. Wengi walikuwa wameiacha desturi hiyo. Medius hakuiacha. Alimnywesha Gorret miezi miwili, akishika kibuyu kwa mkono wake mwenyewe.

"Unene wa mtu kunyweshwa na mkono wa mtu hapana potea," Medius alisema. "Ukitupa, inatafuta mwanamke mwingine wa hiyo nyumba. Ukirudia kula, inarudi."

"Kale, sawa," Gorret alijibu. Alimimina chai isiyo na sukari kwenye kikombe chake, na mazungumzo yakahamia bei ya ng'ombe.

Mwezi wa Septemba Apolline aliomba ruhusa ya siku mbili kwenda Nakivale, ambako wakimbizi wote walikuwa wakihakikiwa upya. Mama yake, Nyirabizimana, aliishi humo kambini, upande wa Rubondo, katika nyumba ya udongo karibu na kanisa la Kiprotestanti. Walikuwa wametoka pamoja Kivu ya Kusini, kutoka milima ya Minembwe, wakiwa watu tisa. Waliofika walikuwa wawili. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha, na mshahara wa Apolline uliishia kwenye dawa zake na sabuni. Chakula kilitegemea kadi ya mgao: mahindi, maharagwe na mafuta ya watu wawili, vinavyotolewa mara moja kwa mwezi mbele ya mkuu wa kaya, naye ni Apolline.

Chini ya turubai karani mmoja aitwaye Swaibu alimweka mbele ya kamera.

"Nakivale inakupenda, mama," Swaibu alimtania, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Picha ikapigwa. Ilionyesha mwanamke mwenye mashavu mapana, kidevu cha pili na macho yenye njaa, lakini macho yalikuwa madogo na watu huwa hawaangalii hapo. Ikabandikwa kwenye kadi, ikapigwa mhuri.

Nyumbani, Nyirabizimana alimpapasa mtoto wake usoni, akashuka mabegani, akarudi mashavuni.

"Hizi kilo ni za nani?"

"Za madamu, mama."

"Uzitunze muzuri basi," mama alisema. "Siku atazitaka, umurudishie zote."

Ahimbisibwe alirudi wiki ya pili ya Desemba. Gorret alimpokea mlangoni akiwa na kilo sabini na nne, gauni jipya na shingo ndefu. Kapteni akamkumbatia, kisha akatazama nyuma yake, kama mtu aliyesahau mzigo kwenye basi. Apolline alipoleta chakula, akatembea polepole na sinia mkononi kwa nyonga zile, kapteni aliacha kuzungumza. Alikuwa ameukumbuka mwendo ule wa mkewe miezi kumi na minane, ndani ya hema, kwenye mchanga. Aliinamisha kichwa akalia kimya.

"Kula, mke wangu," alimwambia Gorret jioni ile, akimsogezea matoke. "Tafadhali. Kula."

Gorret akala. Alikula matoke, posho, viazi na wali kwa wiki mbili, kwa furaha ambayo hakuna mtu angemwonea kijicho, na kilo zikarudi kwake. Apolline alizihisi zikiondoka: kwanza tumboni, halafu mikononi, na mwisho kabisa usoni. Krismasi ilimkuta na arobaini na tisa zake. Dada mdogo wa kapteni alikuwa amekuja kukaa na kupika, kwa hiyo Apolline aliagwa vizuri, akapewa magauni matatu yaliyoshonwa alipokuwa mnene. Aliyavaa kwa kuyazungusha mara mbili.

Siku ya mgao wa Januari alisimama kwenye foleni tangu asubuhi. Swaibu alichukua kadi, akaitazama picha, akamtazama Apolline, akaitazama picha tena.

"Huyu siyo wewe."

"Ni miye."

"Mwenye kadi aje mwenyewe. Hii kadi hapana ya kuazimana."

"Ni miye mwenyewe. Zile kilo zilikuwa za madamu wa Mbarara. Akazikamata."

Swaibu hakumwita mwongo. Alikuwa ameshasikia mambo makubwa zaidi ya hilo kwenye meza ile. Alieleza tu, kwa upole, kwamba picha zinapigwa mara moja kwa miaka mitatu, na utaratibu ni sura ifanane na picha. Kilo zikirudi, aje nazo, atapewa chakula chake. Kisha akaita namba iliyofuata.

Apolline alikwenda hadi Mbarara kumwomba Gorret amwazime kilo, siku moja tu, hata kilo kumi, hata za uso peke yake. Gorret alimkaribisha jikoni. Alipolisikia ombi lile alianza kulia, maana hakuwa na roho mbaya.

"Banange, Apolline. Ningekupa. Lakini sasa niko na mimba. Hizi kilo sasa ni za mtoto."

Gorret alimpa unga wa mahindi kilo nne na parachichi mbili. Majirani wa Rubondo walichanga walichoweza, lakini mgao wao pia ulikuwa umepunguzwa, na mwenye kikombe kimoja hawezi kuchanga viwili. Mgao wa Februari Apolline alirudishwa tena. Unga ulikwisha. Akawa analima vibarua kwa watu wa Kashojwa kwa malipo ya viazi, akirudi jioni na vitatu, vinne.

Ndipo alipofanya kosa ambalo hakujisamehe. Jioni moja, wakimenya viazi, mama aliuliza kilo huwa zinahamaje, naye akamweleza kila kitu: maziwa ya shangazi, mkono ulioshika kibuyu, mwanamke mwingine wa nyumba ileile. Nyirabizimana alisikiliza huku akimenya.

"Miye nilinyweshwa na mama yangu, kule Minembwe," alisema mwishowe. "Kila asubuhi, mu kikombe ya muti. Mpaka nikaolewa."

Kesho yake alitangaza kwamba anafunga na kuomba. Mlokole akisema anafunga hakuna anayemwuliza hadi lini, na Apolline hakuuliza. Siku ya tatu, akiosha uso kwenye beseni, aliona mashavu yake yameinuka. Aliliacha beseni likamwagika, akaingia ndani mbio.

"Mama, kula."

"Niko nafunga."

"Mama, kula kiazi. Hata nusu. Nakuomba."

"Bale bantu banaangaliaka sura tu," mama alisema. "Si kiuno, si mikono. Sura ni kitu kidogo. Haitakamata kilo mingi."

Apolline alimsihi, akamgombeza, akapiga magoti. Alimpondea kiazi na chumvi, akakipeleka kwenye midomo yake kwa kijiko, na midomo ikajifunga. Yeye mwenyewe aliacha kula ili kilo zisimpende, lakini kilo za maziwa hazikutaka chakula, zilitaka mtu. Akamwita mchungaji. Mchungaji Rwakabuba alikuja, akaketi, akamwuliza mgonjwa kama ana neno lolote moyoni. Nyirabizimana akamwambia ana amani, akamwuliza siku ya mgao ni lini.

"Jumanne ijayo, mama."

"Basi tutafika," alisema.

Kila asubuhi alimwita mtoto wake karibu na mkeka, akampapasa mashavu kwa vidole ambavyo sasa vilikuwa vijiti. Alikuwa ameipapasa sura ile mwezi wa Septemba, na vidole vyake havikuwa vimesahau.

"Bado," alisema Jumatano.

"Bado," alisema Ijumaa.

Apolline alikuwa akigeuza uso ukutani ili asishikwe, na mama alikuwa akingoja tu, mkono umenyooka, mpaka ageuke. Ni vigumu kumnyima uso wako mtu asiyeona.

Jumapili, kengele ya kanisa ilipokuwa ikilia, Nyirabizimana alimshika shavu la kulia, kisha la kushoto, kisha ile nyama ndogo ya chini ya kidevu.

"Imefika fasi yake," alisema. Alifuta mikono kwenye kitenge, akalala ubavu, akafa.

Wanaume wanne walikuja kubeba jeneza, lakini mmoja alitosha. Walizika Jumatatu. Waimbaji waliimba beti zote, na watu waliompa Apolline pole walisema wanamshukuru Mungu kwamba angalau yeye ana afya.

Jumanne alisimama kwenye foleni tangu asubuhi, amevaa moja ya yale magauni. Swaibu alichukua kadi. Akaitazama picha, akamtazama Apolline, na uso wake ukafunguka, maana hakufurahia kumfukuza mtu.

"Ee, huyu sasa ndiye! Si nilikuambia? Watu wawili." Aliweka kalamu kwenye orodha. "Wa pili yuko wapi?"

Angeweza kusema yuko nyumbani, amelala. Wengi wangesema hivyo, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini alikuwa amelelewa na mtu asiyesema uongo, na mtu huyo alikuwa pale mezani, mashavuni mwake.

"Tulimuzika jana."

"Pole sana, mama," Swaibu alisema. Akakata jina kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, akaandika moja juu ya mbili. Apolline akapimiwa mahindi ya mtu mmoja, maharagwe ya mtu mmoja, na mafuta yaliyofunika kitako cha chupa tu. Kisha ikaitwa namba iliyofuata. Katika foleni kulikuwa na mzee aliyenyoa ndevu baada ya kupigwa picha, na yeye pia akaambiwa arudi zikiota.

Apolline alisaga mahindi, akapika bugali. Hakuwa na hamu nayo. Siku ile alitamani kukaa na njaa mpaka ile njaa immalize, lakini aliketi mkekani akala, tonge baada ya tonge, machozi yakianguka sahanini, mpaka sahani ikawa nyeupe.

Na ndivyo alivyokula kila jioni tangu hapo, awe anaumwa, awe amechoka, hata siku za kanisa zima kufunga. Mchungaji alimwonya kwa hilo mara moja, kisha akanyamaza. Apolline hakuthubutu kuruka hata mlo mmoja. Angepungua, zile kilo zingetoka kumtafuta mwanamke mwingine wa nyumba ile, na mwingine hakuwapo.