Kiunzi Alichokichagua Profesa

Ofisini walimwita Profesa, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Aliwaongoza waandishi sita wa programu, kwa maneno mazito na shati lililonyooshwa hadi kola. Siku walipokaa kuchagua kiunzi cha programu mpya ya kliniki ya macho, yaani kile chombo kinachoipa kila sehemu ya programu vitu inavyovitegemea ili isihangaike kujitafutia, yeye alikuwa ameshaamua kabla hajavuta kiti.

Mama Pacha, waliyefanya naye kazi miaka saba, alikuwa amevijaribu viunzi vitatu kwa wiki mbili. Akawagawia kurasa nne.

"Hiki cha tatu kinavutia," alisema, "lakini kinajiunganishia mambo chenyewe, kimyakimya. Kikikosea hakisemi. Cha kwanza kina kazi nyingi, ila ukikosea kinakugomea papo hapo, kabla programu haijatoka mlangoni."

Ukweli ni kwamba Profesa hakuelewa ukurasa wa tatu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuitwa Profesa. Akacheka.

"Mama Pacha, wenzako wana gesi, wewe bado unapuliza kuni! Tunachukua cha tatu."

Wengine wakacheka, kicheko kile cha kumridhisha mkubwa. Mama Pacha akakusanya karatasi zake. "Haya. Wewe ndiye mwenye neno."

Programu ikaanza kazi, sifa zikamiminika. Wiki ya pili kliniki ikahamisha upasuaji kutoka Jumanne hadi Ijumaa, na wagonjwa wakatakiwa kuarifiwa kwa ujumbe wa simu. Kwenye skrini, kila ujumbe ulionyesha "umetumwa".

Jumanne hiyo Profesa aliporudi nyumbani alimkuta mama mkwe wake sebuleni, kavua viatu, miguu imevimba. Alikuwa ametoka kwake alfajiri bila kula wala kunywa, kama alivyoagizwa, akakuta chumba cha upasuaji kimefungwa.

"Tulikuwa wengi, mwanangu. Mzee mmoja kaletwa kwa kushikwa mkono, haoni kabisa. Nesi anasema tulitumiwa ujumbe. Nikamwambia, programu hii kaitengeneza mkwe wangu, haiwezi kukosea, labda simu yangu ndiyo mbovu." Akamnyooshea simu. "Hebu niangalizie, nimefuta nini?"

Profesa akaipokea kwa mikono miwili. Hapakuwa na ujumbe wowote. Akahisi kosa si la simu. "Nitaiangalia, mama," akajibu, na papo hapo akajichukia kwa kuisingizia simu ya watu.

Asubuhi Mama Pacha alikuwa ameshapata chanzo. Palikuwa na sehemu mbili za kutuma ujumbe, moja ya kweli na moja ya bandia ya majaribio, inayoandika "umetumwa" bila kutuma kitu. Majina yalikaribiana, na kiunzi kikajichagulia ya bandia. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameenda bure.

"Tuwaambie kliniki mtandao ulisumbua," meneja wa ofisi alisema kikaoni. "Nani atajua?"

Profesa alilitamani neno hilo kama mwenye kiu. Akaangalia meza. Mama Pacha hakumtazama.

"Mtandao haukusumbua," Profesa akasema. "Nilionywa humu humu. Sikuelewa nilichoonywa, nikaona haya kuuliza, nikamcheka aliyeelewa. Mama Pacha, nisamehe."

"Nimekusikia," alijibu bila kutabasamu. "Lakini ulinicheka mbele za watu. Hilo haliishi kwa asubuhi moja."

Wakakubaliana kuhamia kiunzi cha kwanza, na Mama Pacha ndiye akaongoza kazi hiyo. Profesa akaomba orodha ya wagonjwa, akawapigia mmoja mmoja. Wengine walimshukuru, jambo lililomuumiza kuliko matusi. Binti wa yule mzee asiyeona alisikiliza hadi mwisho, akakata simu bila neno.

Mama mkwe hakumpigia, alimwendea jioni hiyo hiyo. Akakaa kwenye kigoda, miguuni pake, akaeleza yote. Mama mkwe akamgeukia.

"Na jana ulijua?"

"Nilihisi, mama."

"Ukaniacha nilale nikijilaumu."

"Ndiyo, mama."

Akashusha pumzi. "Ijumaa utanipeleka mwenyewe. Na tutatoka mapema, sitaki kuharakishwa."